Mchagua Risha

Ilikatika Jumamosi, harusini South C,
katikati ya taksimu, mbele ya mama wa bi harusi.
Kipande kimoja kilibaki kidoleni,
kingine kikaruka tunduni, kikazama tumboni mwa udi.
Nikamalizia kwa ukucha. Walipiga makofi.
Ukucha ulilia wiki nzima.

Ilikuwa pembe ya nyati.
Kaka yangu Muhidini aliileta kutoka Maskati
kabla hatujagombana kwa habari ya nyumba.
Miaka kumi na mmoja ililamba nyuzi,
ikalika upande mmoja, ikafuata tabia za mkono wangu.
Nimpigie simu aniletee nyingine?
Ningeanzia wapi: kwenye risha, au kwenye nyumba?

Jumatatu nikashuka River Road.
Mutinda wa duka la magitaa akanimwagia mezani
pembetatu za plastiki, nyekundu, za buluu,
moja imechorwa fuvu la kichwa.
"Hizi ndizo watu wote wanatumia, dada."
Yangu, nikamwambia, ni ndefu kupita kidole cha shahada,
unaifumbata kiganjani, ncha tu ndiyo inachungulia
kama mtoto nyuma ya pazia siku ya wageni.
Akacheka. Akaniuzia nyuzi nisizozihitaji.

Wasemao mchagua jembe si mkulima
hawajapiga udi.
Risha ikiwa ngumu, nyuzi zinafoka.
Ikiwa laini mno, zinanung'unika.

Nimekata kifuniko cha ndoo ya mafuta ya kupikia.
Nimekata kadi ya benki iliyokwisha muda wake:
ikatoa sauti ya deni.
Nzioka wa Kariokor alinichongea pembe ya ng'ombe,
siku mbili, shilingi mia nne,
kibanda kizima kikanuka nywele zilizoungua.
Nzuri kuitazama. Lakini nzito,
ilipanda na kushuka kwenye nyuzi
kama ng'ombe mwenyewe anapelekwa josho.

Guleed hupiga kaban Eastleigh,
orofa ya tatu, juu ya duka la mapazia.
Alinitazama nikihangaika, akavuta droo,
akatoa mkanda mweusi wa kufungia nyaya,
ule wa mafundi stima.
"Kata kichwa, piga msasa, zungusha ncha.
Usimwambie mtu."
Nikapiga. Wallahi, ulisema.
Nikaona haya kidogo: miaka yote najivunia pembe,
kumbe sauti yangu inauzwa kwa pakiti,
mia moja kwa shilingi mia mbili na hamsini.

Yangekwisha hapo.
Lakini Alhamisi nikingoja kuvuka pale Nyayo,
chini ya migunga ya makorongo,
wale wenye upara na mfuko shingoni, walaji wa jalala,
unyoya ulidondoka, ukanigusa bega.
Mrefu. Bua jeupe, gumu, lakini linapinda.
Muuza njugu akasema, "Tupa hiyo, ni uchafu."
Na risha, kwa Waarabu, ni unyoya tu.
Nilikuwa nimesahau.

Nikauosha kwa sabuni ya kipande, maji matatu.
Nikaupasua kwa wembe, nikautia mafuta ya nazi
ukalala humo hadi asubuhi.
Sauti yake ndogo, haifiki safu ya pili ya viti.
Ina mkwaruzo mwanzoni,
kama mtu anayesafisha koo
kabla ya kusema alichokikalia kwa muda mrefu.

Harusini naenda na mkanda wa stima.
Unyoya ni wa saa sita za usiku,
Nyakio wa chini akishazima televisheni.
Jana nilipiga nao,
nikarekodi dakika moja, nikamtumia Muhidini
bila neno.

Alama mbili zimegeuka buluu.
Bado naziangalia.
Kile kipande cha pembe kimo humo humo ndani ya udi.
Nikiutikisa,
kinajibu.